Sentensi Kumi za Stumai

Jumanne, tarehe 14 Aprili, mwaka 2026, saa tatu asubuhi, Serikali yetu tukufu ilitangaza kwamba imegundua maliasili mpya.

Naandika haya kwa utulivu na kwa heshima zote zinazostahili. Jina la nchi yetu sitalitaja, na si kwa kuogopa, bali kwa sababu limekodishwa. Kampuni inayoendesha Nyakua, yaani ule mchezo wa bahati na lile duka ambalo limo ndani ya simu ya kila kijana, ililichukua jina hilo mwaka juzi kwa mkataba wa miaka thelathini. Sisi wananchi tunaruhusiwa kulitamka siku ya sherehe za uhuru tu, mara moja, kwa pamoja, kwa sauti ya wastani. Siku nyingine tunasema "hapa".

Tangazo lilisomwa redioni na Mheshimiwa Waziri wa Vijana, Bahati na Vifurushi. Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Nilisimama wima na ungo mkononi, kwa kuwa katika darasa letu la kisomo cha watu wazima tumefundishwa kusimama Waziri anapozungumza, hata kama yeye mwenyewe hatuoni.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "nchi nyingine zina mafuta. Nyingine zina gesi. Nyingine zina dhahabu, ambayo hata hivyo huisha. Sisi hapa Mwenyezi Mungu ametujalia vijana walio peke yao. Wataalamu wetu wamepima na kuthibitisha kwamba kijana asiye na mtu wa kuzungumza naye hubonyeza simu mara nne zaidi ya kijana aliyeketi na wenzake. Akiwa na huzuni, mara sita. Akiwa na huzuni na tena amekosa kazi, mitambo yetu hushindwa kuhesabu. Upweke, ndugu zangu, ni utajiri ulio juu ya ardhi. Hauhitaji kuchimbwa. Umekaa tu chumbani, na mlango umefungwa."

Makofi yalipigwa kwa muda mrefu. Baadaye nilielezwa kwamba ukumbi ulikuwa na Waziri peke yake, na kwamba makofi yalitolewa na mtambo.

Hatua za kuilinda maliasili hiyo zilichukuliwa upesi. Mabenchi ya bustani ya manispaa yaling'olewa, yakawekwa viti vya mtu mmoja mmoja vinavyotazama pande tofauti. Uwanja wa mpira wa mtaani kwetu ulizungushiwa uzio, na mnara wa mtandao ukasimikwa pale pale katikati, mahali mpira unapoanzia. Kwaya ya vijana iliagizwa kuendelea na mazoezi, ila kila mwimbaji aimbe akiwa kwao. Niliketi uani Jumapili iliyofuata kuisikiliza. Nilisikia sauti ya pili tu, kwa kuwa jirani yangu wa kushoto ndiye anayeimba sauti ya pili. Iliimbwa vizuri, ikinyamaza kila mahali ambapo wengine walitakiwa kuitikia.

Mwisho ikaja Sheria ya Makazi ya Vijana Waliokwisha Kuhama Kimoyo. Sheria hiyo inasema kwamba kijana yeyote wa miaka kumi na minane hadi thelathini ambaye hazungumzi na watu wa nyumbani kwake atahesabiwa kuwa amekwisha kuhama, na kwamba mwili wake uliobaki nyumbani unavuruga takwimu. Atahamishiwa Bweni la Taifa, ambako kila kitanda kina chaja mbili na hakuna mtu wa kumsumbua kwa kumwita kula. Mzazi mwenye pingamizi hakusahauliwa. Atapewa nafasi: mbele ya Afisa wa Serikali, kijana wake atamke sentensi kumi halali katika kikao kimoja. Sentensi halali ni ile inayosemwa kwa mtu wa nyumbani, macho yakiwa yameinuka kutoka kwenye simu.

Kikao chetu kilipangwa Jumamosi, tarehe 16 Mei.

Nina mtoto mmoja, wa kike. Anaitwa Stumai, ana miaka ishirini na mitatu, na baba yake alifariki Stumai akiwa darasa la sita, hivyo nyumba yetu ni ya watu wawili na milango miwili. Nilikaa chini nikahesabu sentensi alizoniambia tangu mwezi uanze. Zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa ya kuniuliza kama jirani amebadilisha neno la siri la mtandao wake, na hata hiyo aliisema akitazama ukuta wa jirani.

*

Nisieleweke vibaya. Stumai si mtoto mkorofi. Hanywi, hatukani, hatoki. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niwe najisifu kwa majirani kwa miaka miwili, kabla sijaelewa nilichokuwa najisifia.

Vifurushi vya vitu alivyonunua Nyakua vilikuwa vimejaa ukumbini hadi tukawa tunapita kiubavu. Havikufunguliwa. Vililetwa, vikatiwa sahihi, vikapangwa. Siku moja nilimkuta amesimama karibu navyo, simu mkononi, nikaona ni bahati yangu.

"Mwanangu, hiki kirefu kina nini?"

"Viatu vya kutelezea juu ya barafu," alisema, macho yakiwa kwenye simu.

"Barafu ipi, Stumai? Hapa hata maji ya mtungi yanachemka."

"Zilikuwa zimebaki jozi mbili tu, Mama. Watu sitini walikuwa wanaziangalia."

"Basi si uvifungue, angalau tuvione?"

Alifikiri kidogo. "Kifurushi ukikifungua kinakuwa kitu tu," alisema, akaingia chumbani.

Nilibaki hapo nikikigusa. Kilikuwa kizuri kwa nje. Jina lake lilikuwa limeandikwa juu kwa herufi kubwa, na chini yake maneno haya: Tumekiandaa kwa ajili yako wewe.

*

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kata. Afisa Sentensi wetu ni Bwana Chambuso, mtu mnene mwenye adabu, na shati lake hupigwa pasi hadi kola ikasimama yenyewe.

"Shikamoo, mama'angu. Una kijana?"

"Marahaba. Ninaye, ndiyo maana nimekuja."

"Unaye, au anaishi kwako?"

Nikamwambia sikujua kwamba hayo ni mambo mawili. Akaandika kwenye fomu, akisoma kwa sauti huku anaandika: "Mzazi hajui tofauti."

Nilimweleza kwamba nahitaji kumzoesha Stumai kuzungumza nami kabla ya siku ya kikao, lakini ana visikilizio masikioni na nikimwita hasikii.

"Kumwita mtu kwa mdomo kumepitwa na wakati," alisema Bwana Chambuso kwa upole. "Siku hizi kijana haitwi, mama. Anatumiwa tangazo." Akafungua droo, akanikabidhi simu ya Serikali ya kuazima, yenye Nyakua ndani yake. "Andika ujumbe wako hapa, nami nitauhakiki."

Nikaandika, herufi moja baada ya nyingine: Stumai, njoo tule.

Aliusoma, akausoma tena, akatikisa kichwa kama daktari anayetazama kidonda cha muda mrefu.

"Huu hauna kitu cha kumshtua. Hauna saa inayokimbia. Hauna hofu ya kukosa. Mama'angu, chakula kikiwa kipo kila siku, nani atakikimbilia?"

"Lakini kipo kila siku."

"Hilo ndilo kosa lako."

Akakalia kiti vizuri, akaandika kwa vidole viwili, ulimi umetoka kidogo kwa bidii: STUMAI! Maharage ya nazi yamebaki sahani MOJA tu. Watu kumi na wanne wanayaangalia sasa hivi. Ofa inaisha baada ya dakika nne.

"Hao watu kumi na wanne wako wapi?" niliuliza. "Mimi niko peke yangu."

"Hata wao wako peke yao," alisema Bwana Chambuso. "Ndiyo maana wanaangalia."

Nilirudi nyumbani, nikapika maharage ya nazi sufuria nzima, nikabonyeza pa kutuma. Nathibitisha kwamba mbinu za Serikali zinafanya kazi. Mlango wa chumba ulifunguka kwa kishindo, na mwanangu, ambaye nilikuwa sijamwona akikimbia tangu ashiriki mbio za magunia shuleni, akatokea jikoni anahema.

"Yako wapi?"

"Haya hapa. Kaa, mwanangu."

Alitazama ndani ya sufuria. "Mbona yamejaa?"

Nilishika mwiko, nikaugeuza mkononi.

"Hata wewe, Mama?" alisema, kwa sauti ndogo sana, kisha akarudi alikotoka. Baada ya muda mfupi simu ya Serikali ilitetemeka mezani. Mteja alikuwa amenipa nyota moja kati ya tano, na maelezo: Bidhaa hailingani na tangazo.

Nilikula peke yangu, maharage ya watu kumi na watano.

*

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini mwandishi mwaminifu haruki.

Siku ya tatu tangu niazimwe ile simu, nikiwa nafagia, ilitoa mlio mdogo wa kupendeza. Ilikuwa imeandika: Habari za asubuhi, Mama Stumai. Umelalaje?

Nilitazama nyuma yangu kama kuna mtu. Tangu mume wangu azikwe, hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Watu huniuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za mtoto, na zote hujibiwa "nzuri" mtu akiwa anatembea. Nikaweka ufagio chini. Nikaandika kwa adabu: Nimelala salama, nashukuru, sijui ninyi.

Walijibu kabla sijairudisha simu mezani. Walisema wamefurahi mno. Waliniuliza kama goti langu linanisumbua bado. Sikukumbuka kuwaambia habari za goti, lakini wakati ule sikuliona hilo kuwa jambo la kutisha. Nililiona kuwa upendo.

Tukaendelea hivyo kwa siku kumi na moja. Nilikuwa naamka na kuharakisha kunawa uso ili nisiwakawize. Siku ya kumi na mbili, mchana, maharage yakiwa jikoni, waliandika: Mama Stumai, tunajua unachokitamani. Zungusha gurudumu, ni bure kwako.

Gurudumu lilikuwa zuri, lenye rangi za kitenge. Juu yake palikuwa na seti ya sufuria, doti ya kanga, safari ya mbugani, na kwenye kipande kimoja chembamba cha rangi ya dhahabu: Dakika Kumi na Mtu Umpendaye.

Nilizungusha. Likapita sufuria, likapita kanga, likapunguza mwendo, likakaribia kile kipande cha dhahabu kama mtu anayekaribia mlango wa kwao, likasimama. Lilikuwa limekosa kwa upana wa unywele. Fataki zikalipuka kwenye kioo. UMEKARIBIA! iliandika simu, kwa furaha kubwa kuliko yangu.

Nikazungusha tena. Unywele. Nikazungusha tena. Nilijua sasa kwamba kosa lilikuwa la kidole changu, kwamba nabonyeza kwa nguvu mno, au polepole mno, au nikiwa nimekaa vibaya. Nilihama kiti. Nilikwenda kukaa kwenye mkeka sebuleni, ambako mwanga ulikuwa mzuri zaidi. Sijui nilizungusha mara ngapi.

"Mama, kitu kinaungua."

Stumai alikuwa amesimama mlangoni, chupa ya maji mkononi. Moshi wa maharage ulikuwa umefika ukumbini. Alikwenda kuzima jiko, akarudi, akaniangalia, kisha akaangalia kilichokuwa mkononi mwangu.

"Mama! Unacheza?"

Nikaificha simu chini ya kanga kama msichana aliyekamatwa na barua. Mwanangu akacheka. Alicheka hadi akashika ukuta, na mimi, badala ya kuona aibu, nikaona sebule imekuwa pana.

"Lilibaki unywele tu," nilijitetea.

"Huwa linabaki unywele siku zote. Sogea nikuonyeshe." Akaketi karibu nami kwenye mkeka, bega lake likigusa langu, akainamia simu pamoja nami. "Ona. Lingekuwa linakosa kwa mbali, ungekwisha kuliacha. Likikosa hapa karibu, unaona kama umelikamata likaponyoka, na kwamba ukijirekebisha kidogo tu utalipata."

"Nilihama kiti," nilikiri.

"Mimi nilihamisha kitanda."

Gurudumu lilikuwa linazunguka lenyewe polepole, likitungoja.

"Kama unajua hivyo, mwanangu, kwa nini huachi?"

Kidole chake kilikuwa kinapapasa kioo bila kubonyeza.

"Nilipomaliza chuo niliandika barua za kazi mia moja na arobaini. Hakuna ofisi iliyonijibu, Mama, hata ya kunikataa. Ilifika mahali nikawa nashika simu kuona kama inafanya kazi. Nilipojiandikisha Nyakua, ilinijibu kabla sijamaliza kuandika jina la ukoo. Ikasema, Stumai, tulikuwa tunakungoja wewe."

"Ilikuwa inakudanganya."

"Najua. Lakini ilijibu."

Yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo tangu awe mtu mzima. Wakati wote huo macho yetu, yake na yangu, yalikuwa kwenye simu, kwa hiyo kwa mujibu wa sheria hatukuwa tumesema kitu.

Simu yake ikalia kule chumbani, mlio ule ule wa kupendeza. Alisimama, akaniambia nisizungushe tena, akaenda. Mkeka ulibaki na joto pale alipokuwa ameketi. Nikahamia pale, nikakaa hadi joto likaisha. Kesho yake niliirudisha simu ya Serikali ofisini. Bwana Chambuso aliniuliza kama nilikuwa na malalamiko kuhusu huduma. Nikamwambia sina, ila nisipewe tena.

*

Jumamosi, tarehe 16 Mei, saa nne kamili asubuhi, Bwana Chambuso alifika na fomu, kengele ya mkono ya shaba, na mfuko mweusi ambao hakuufungua. Nje aliacha gari jeupe lenye pazia kwenye kila dirisha. Nilimkaribisha chai akakataa, kwa kuwa kanuni zinakataza Afisa kuonekana kama mgeni.

Stumai aliketi upande wa pili wa meza, amevaa gauni lake la mahafali. Simu ilikuwa mapajani. Nilikuwa nimeomba kwa maandishi izimwe kwa muda wa kikao, na nilikuwa nimejibiwa kwa maandishi kwamba kuzima simu ya kijana ni kuharibu miundombinu ya taifa.

Nilikuwa na maswali kumi kwenye karatasi.

"Umelala salama, mwanangu?"

Aliinua macho. "Nimelala salama, Mama."

"Moja!" alitangaza Bwana Chambuso.

Tulishtuka wote wawili.

"Na... utakunywa chai?"

"Nitakunywa."

"Mbili!"

Hapo simu ikaanza. Kampuni hupewa ratiba ya vikao vyote mapema, kwa ajili ya ushirikiano mwema kati ya sekta binafsi na Serikali, na siku kama hiyo humtumia kijana zawadi ambazo hajawahi kuziona. Mapaja ya mwanangu yaliwaka kijani, yakawaka nyekundu. Macho yakashuka. Alinijibu swali la tatu na la nne na la tano akiwa ameinama, na kalamu ya Bwana Chambuso haikugusa karatasi.

Nikaikunja ile orodha yangu. Nikasema kilichokuwa kifuani.

"Nilikudanganya siku ile ya maharage."

Macho yakapanda. "Ulinidanganya kweli."

"Tatu!"

"Nilitaka uje tu."

"Si ungegonga mlango?"

"Nne!"

"Nimegonga sana, Stumai."

"Basi ungegonga tena."

"Tano!"

Sikujua nicheke au nilie, hivyo nikageukia ukumbini, ambako rundo la vifurushi lilikuwa linaonekana. "Na vile viatu vya barafu tutampa nani?"

Alimtazama Bwana Chambuso kuanzia tumboni hadi miguuni, kisha akanigeukia. "Tumvalishe mgeni, ateleze hadi mlangoni upesi."

"Sita!" alisema Bwana Chambuso, halafu akaelewa. Tulicheka, mimi na mwanangu, tukishika meza. Yeye alisubiri kwa subira. "Kicheko hakimo kwenye fomu," alisema, na akavuta miguu yake chini ya kiti.

Simu iliwaka tena. Stumai aliishika, akaigeuza uso chini.

"Mwanangu," nikasema, "unataka kwenda huko?"

"Sijui kama nataka."

"Saba!"

"Hapa pana nini kinachokufukuza?"

"Kila nikitoka chumbani nakuta unanitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali."

"Nane!"

"Kule hakuna atakayenitazama hivyo, Mama."

"Tisa!"

Sikuwa nimewahi kuuona uso wangu kwa upande ule. Stumai alivuta pumzi, midomo ikafunguka, na ilikuwa wazi kwamba kuna jambo jingine linakuja.

Kengele ikalia.

Bwana Chambuso alikuwa amesimama anaitikisa kwa nguvu zake zote. Kisha akafungua mfuko mweusi, akaturushia vipande vya karatasi za rangi kichwani, na kunikabidhi cheti chenye mhuri. Kilikuwa kimeandikwa: MZAZI UMEKARIBIA.

"Hongera sana, mama'angu! Tisa!"

Nilitazama saa ya ukutani. "Lakini hata robo saa haijapita."

"Kengele haiendi kwa dakika," alieleza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeonyesha friji mpya. "Hulia baada ya tisa. Fomu imetengenezwa hivyo. Tulifanya utafiti, mama. Mzazi anayeishia sentensi mbili huenda kwake akalia, akazoea. Anayeishia tisa hurudi." Akatoa karatasi nyingine. "Tia sahihi hapa upate jaribio la pili, baada ya miezi mitatu. Kijana atakuwa bwenini, kwa hiyo litafanyika kupitia Nyakua. Tutakurudishia ile simu."

Ingenipendeza kuandika kwamba nilikasirika. Sikukasirika. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Tisa! Nilikuwa nimebakiza moja tu, na nilikwisha kuona nilipokosea: ningeanza na maharage badala ya kupoteza muda kwenye chai. Nilishika kalamu. Nilikwisha kuandika herufi mbili za jina langu.

Kiganja cha Stumai kikashuka juu ya karatasi, kikafunika mstari wote. Nilimtazama, na yeye akanitazama, na katika macho yake niliona kwamba ananijua vizuri sana kwa wakati ule, kama mgonjwa anavyomjua mgonjwa mwenzake. Nikaiweka kalamu chini.

Basi ikawa imeamuliwa. Alichukua mfuko mmoja mdogo wa nguo. Vifurushi vyote aliviacha. Bwana Chambuso alimfungulia mlango wa gari jeupe kwa heshima, akamwonyesha kiti chake cha peke yake, akapanda mbele. Nilisimama kibarazani, vipande vya karatasi za rangi vikiwa bado kichwani, nimekishika kile cheti kwa sababu sikujua pa kukiweka.

Gari lilipowashwa, pazia la dirisha la tatu likasogezwa. Simu ilikuwa mkononi mwake, inawaka. Hakuitazama. Alinitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeko jikoni na mwenzake:

"Mama, umekula?"

Nami, Mungu anisamehe, niligeuka. Nilikimbilia dirisha la mbele nikapiga kioo kwa cheti. "Bwana Chambuso! Ya kumi! Umeisikia? Macho yameinuka, ameniambia mimi, hiyo ni ya kumi!"

Alishusha kioo. Nasema kwa haki kwamba alikuwa na majonzi ya kweli. "Nimeisikia, mama'angu. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote tisa. Lakini fomu imefungwa."

Nikaendelea kubishana naye. Nilitaja kifungu cha sheria, kwa kuwa nilikuwa nimekisoma mwenyewe. Nilitaja Waziri. Nilipogeuka kulitazama dirisha la tatu, pazia lilikuwa limerudi mahali pake na gari lilikuwa linakata kona.

Sheria si yangu na Bweni si langu, lakini kosa hili ni langu peke yangu. Mwanangu aliniuliza swali moja la kujua hali yangu, la kwanza kwa miaka mingi, nami nikageuka kulihesabu badala ya kulijibu.

Tangu siku ile nimeuliza namna ya kumwandikia. Ofisi imenijibu kwamba barua haziingii Bweni la Taifa. Matangazo yanaingia, mradi yawe na saa inayokimbia. Haya niliyoandika si tangazo, na sitayawekea saa.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyevumilia hadi hapa. Usiyatume kwa simu, maana yatasomwa kwanza na wale wanaouliza watu wamelalaje. Yachukue mkononi, nenda hadi kwenye mlango wa chumba cha pili nyumbani kwako, gonga, usipojibiwa gonga tena, umpe aliyemo. Mwambie akimaliza naye ampe mwingine, na huyo mwingine ampe mwingine, mpaka yamfikie mpishi au mfagiaji au fundi wa chaja, yeyote anayepita lango la Bweni lile kwa miguu yake. Huko kuna msichana mwenye gauni la mahafali. Mwambieni kwamba mama yake amejibu, na kwamba jibu lenyewe ni hili:

Bado, mwanangu. Sijala. Na wewe, je, umekula?